Aliyetanguliwa na Nguo Zake

Bismillahi Rahmani Rahim

Tbilisi, Jojia
4 Novemba 2023

Ndugu yangu Faiz,

Hii ni barua ya tatu. Ya kwanza niliituma kutoka Kathmandu, ya pili kutoka Samarkand, na kama zote mbili zimepotea basi bahati yangu ni mbovu kuliko nilivyodhani.

Tangu tuachane uwanja wa ndege wa Delhi, wewe ukirudi nyumbani na tumbo lako la kuhara na shanta langu kubwa, mimi nikielekea milimani na kifurushi, sijasikia sauti ya mtu wa Chundwa. Wiki mbili baadaye niliteleza kwenye daraja la kamba nikaangukia mtoni. Simu ilikwenda na maji. Mimi nilivutwa na Wanepali wawili waliokuwa wakicheka, na mpaka leo bega langu la kulia haliinuki kupita sikio. Namba pekee niliyoikariri ni yako, na yako haipatikani. Kila mlango wa mtandao niubishao unataka kupeleka namba ya siri kwenye simu ileile iliyo mtoni. Namba ya Nasreen sikuwahi kuikariri. Nilikuwa nabonyeza jina lake tu. Usimwambie hilo.

Sasa niko hapa kwenye hosteli. Kila asubuhi natandika vitanda vya dabo deka ishirini na nne, na kwa kazi hiyo napewa kitanda cha ishirini na tano. Wewe na mimi tuliwabebea wazungu mashanta kutoka gatini tangu hatujabaleghe, tukijiuliza humo ndani mna nini. Nimeshajua: soksi chafu, na kitabu kimoja ambacho hawakimalizi. Wakisikia natoka Lamu wananiuliza kwa nini niliondoka, maana wao wanakusanya nauli ya kwenda huko. Nawatandikia kitanda.

Nilimwahidi mke wangu miezi mitano. Huu ni wa nane. Nataka kurudi, Faiz. Nataka mwezi wa Ramadhani uandame nikiwa Chundwa, Mama anikalie kichwani na uji wake wa futari, Nasreen aninunie hata wiki nzima, nitavumilia.

Ufunguo wa sanduku la posta unao wewe, na barua zote za Chundwa zinapita mkononi mwako. Basi nijibu. Usiponijibu nitamwandikia Mwalimu Twahir kupitia msikitini, ingawa namjua mkwe wangu: ataisoma barua yangu mbele ya safu nzima kama hotuba.

Nduguyo,
Harith

*

Chundwa
6 Desemba 2023

Ndugu Harith,

Barua zako zote tatu nimezipata. Usiwe na wasiwasi na posta, posta ni nzima. Aliyekuwa mgonjwa ni mimi. Lile tumbo la Delhi nilikuja nalo mpaka hapa, likanikalisha ndani muda mrefu, na laini yangu ya simu nikabadilisha kwa sababu ambazo ni ndefu.

Mama yako Bi Hindu ni mzima. Anakutaja kila siku, na kusema kweli anakutaja zaidi kuliko ulipokuwa bado hujaoa, unalala chumba cha pili. Nasreen ametulia. Hatoki. Hata harusi ya jirani hakwenda. Watu wanamsifu sana. Na wewe pia wanakusema vizuri, mji mzima, jambo ambalo mwenyewe ungelistaajabia.

Huku hakuna jipya. Samaki wachache, maneno mengi. Sioni cha kukufanya ukimbilie. Una kitanda, una kazi, unaona nchi za watu. Wangapi hapa wamepata hayo? Mimi nilirudi mapema na nakwambia wazi, kurudi si kama tulivyokuwa tukifikiri. Mtu akishafika nyumbani hana tena pa kufika. Kaa huko mwaka huu. Kaa na wa pili ukiweza.

Mwalimu usimwandikie. Macho yake yameingia ukungu, barua humpa mtu amsomee, na mtu huyo ni mimi.

Wako,
Faiz

*

Bismillahi Rahmani Rahim

Tbilisi
8 Januari 2024

Ndugu yangu Faiz,

Nilifurahi kuiona hati yako kiasi cha kumwagia mgeni chai. Kisha nikaisoma. Kisha nikaisoma tena, na kila nikiisoma inapungua.

Umeniandikia ukurasa mzima na ndani yake hamna hata neno moja kutoka kwa mke wangu. Anajua kuandika. Kazi yake ni kufundisha watoto kuandika. Kama amekasirika, Nasreen ninayemjua angenitukana kurasa nne, mbele na nyuma. Na tangu lini Nasreen hatoki? Yule hata akiwa na homa alikuwa akisikia ngoma mtaa wa tatu anaitafuta buibui yake.

Mama naye hana salamu? Hata ya kuniambia nivae fulana?

Sikulaumu, huenda ulikuwa bado unaumwa. Lakini ushauri wako wa kukaa siutaki. Nimepata tiketi ya bei ya chini yenye vituo vingi kuliko basi la Garissa, na inshallah nitashuka Nairobi tarehe ishirini Februari. Nitafikia Eastleigh, kwenye ile gesti tuliyolala usiku wa kuondoka, yenye choo kisicho na mlango. Niandikie hapo, barua inikute.

Mwambie Nasreen. Mwambie Mama asichinje kitu, mimi si haji.

Harith

*

Chundwa
12 Februari 2024

Harith,

Kaa kwanza. Kama gesti hiyo bado haina kiti, kaa chini.

Wewe umekufa. Ulikufa mwezi wa nane mwaka jana. Tulikusalia sala ya ghaibu, bila ya mwili, siku ya Jumatano baada ya alasiri, safu tano, na mimi nilisukumwa safu ya mbele kwa kuwa ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa nawe. Takbira nne. Nilizihesabu.

Sikusema umekufa. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Nilishuka gatini Mtangawanda nimechoka, tumbo limekatika, shanta langu mgongoni na lako kifuani, na kofia yako ya vito nimeishika mkononi kwa sababu kofia ile haikunjwi. Wewe ndiye uliyenipa. Ulisema milimani itachafuka. Hukukumbuka wewe, na sikukumbuka mimi, kwamba kwetu nguo za msafiri hazimtangulii. Zikitangulia huwa zimeleta habari yake. Mama yako alikuwa kizingitini. Aliiona kofia kabla hajaniona mimi, maana ameishona yeye. Akasema, "Nguo zimekuya, mwenyewe yu wapi?" Nikafungua mdomo, nikalia. Nililia kwa uchovu, Harith, wallahi. Sikuwa nimekula siku mbili. Lakini nani hulia kwa uchovu mbele ya mama wa mtu?

Sijameza mate, nyumba imejaa. Huyu ananishika mkono, huyu ananipa maji, Hamdu nahodha anasema, "Mwachieni, atasimulia baadaye." Baadaye ikawa hitma, ikawa pilau, ikawa watu wa Ndau wamekuja boti mbili. Ningesema lini? Baina ya Yasini na pilau?

Walikusifu sana. Yule mtu uliyegombana naye kwa ajili ya nyavu alisema ulikuwa na adabu. Ukiwa maiti wewe ni mtu mzuri mno.

Siku ya arubaini Mwalimu Twahir aliniita faraghani akaniuliza ulikufaje. Alisema pasipo shahidi mtu hawi maiti, huwa amepotea tu, na mke wa aliyepotea hukaa miaka akingoja. Hapo ndipo niliposema, nakiri. Nilisema ulianguka mtoni. Barua yako ya Kathmandu ilikuwa imeshanifikia, nawe umeandika kwa mkono wako kwamba ulianguka mtoni. Nusu ilikuwa kweli.

Sasa usije kama watu wanavyokuja. Mama yako ana presha. Daktari amesema asishtuliwe, kwa huzuni wala kwa furaha, na ukishuka gatini kwa miguu yako utamwua kwa kumwamkia. Fanya hivi. Shuka mpaka Malindi, ukae kimya, kwa maana Malindi imejaa watu wetu na atakayekuona atadhani ameona jini. Kutoka huko nitakupangia siku uje Kililana, kwenye shamba langu la korosho, upande wa bara. Nitakufuata mwenyewe na boti yangu tuvuke. Mama nitamtayarisha polepole.

Simu usipige. Nyumbani kwetu simu ikilia hupokea aliye karibu. Barua mpe dereva wa basi la Lamu, ampe Hamdu pale Mokowe, na Hamdu atanipa mimi kama anavyonipa zote.

Faiz

*

Bismillahi Rahmani Rahim

Malindi
29 Februari 2024

Faiz,

Nilikaa ngazini. Kiti kilikuwapo safari hii, lakini kilikuwa na mtu.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Msomali mwenye gesti akaja kuniuliza kama nimepata mirathi. Nilipofika kwenye pilau nikaacha kucheka, na tangu hapo sijacheka tena. Hapa Malindi natembea nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Jana nilimwona sokoni mtu wa Faza aliyenifundisha kuendesha pikipiki, nikajificha nyuma ya matikiti. Aliyekufa anajificha nyuma ya matikiti, ndugu yangu. Hilo hawakulisema kwenye hitma.

Sikulaumu kwa kofia. Kofia ni kosa langu, na machozi yako nayaamini. Lakini umenijazia kurasa tatu, umemtaja Hamdu, umewataja watu wa Ndau, umeitaja hata pilau, na mke wangu umemtaja mara moja tu, tena si kwa jina: "mke wa aliyepotea". Amekaa eda, sivyo? Ndiyo maana "hatoki". Ndiyo maana "watu wanamsifu". Ulikuwa unamtazama mwanamke amejifungia ndani kwa ajili ya mume ambaye yu hai anatandika vitanda, na la kuniandikia ukaona ni kwamba ametulia. Na eda imekwisha Desemba. Baada ya hapo ikawaje?

Nitafuata usemavyo, kwa ajili ya Mama. Alhamisi ijayo, tarehe saba, asubuhi nitakuwa Kililana shambani kwako. Tarehe nimeichagua mimi, sitangoja nyingine, mfungo unaingia. Lakini kabla ya siku hiyo mwambie Nasreen. Yeye kwanza, kabla ya Mama na kabla ya Mwalimu. Kisha niandikie alivyosema, neno kwa neno.

Harith

*

Chundwa
Jumapili, 3 Machi 2024

Harith,

Nimemwambia. Alicheka, kisha akasema, "Mwambie ndoo, nimempikia." Neno kwa neno, hata hiyo "ndoo" yake badala ya njoo.

Alhamisi ni sawa. Shuka Mokowe, chukua pikipiki ya mtu usiyemjua. Jina lako usilitaje. Begi liache Malindi, tutalifuata siku nyingine. Mtu mwenye begi huulizwa. Shambani hakuna mtu wiki hii, wafanyakazi nimewapa ruhusa. Ngoja chini kwenye mikoko, pale boti inapoingia.

Sitakuja na mtu. Tutavuka wawili, kwa mkondo wa nje, mbali na boti za abiria. Ni mbali kidogo lakini hakuna wa kutuona.

Uliniandikia kwamba bega haliinuki kupita sikio. Basi kasia hutaweza kulipiga, wala kuogelea huogelei tena kama zamani. Usijali, kazi yote nitafanya mimi.

Faiz

*

Bismillahi Rahmani Rahim

Chundwa
Jumatano, 6 Machi 2024

Kwa Harith,

Sijui nikuite nani. Nimekaa eda yako miezi mine na siku kumi. Sikutia wanja, sikuvuka kizingiti, manukato nilimpa shoga yangu ili nisiyaone. Mtu aliyekwisha kukaliwa eda, mkewe hana jina la kumwita, basi nakuita lako.

Faiz hakuniambia kitu. Wala hataniambia. Harusi yangu naye ni keshokutwa, Ijumaa, baada ya sala. Posa ililetwa hata wiki haijapita tangu nitoke edani. Baba alisema ni heri, Faiz ni mtoto wa ami ya marehemu, tena aliyekuwa naye mpaka mwisho. Mama yako alisema angependa mjukuu wa damu yenu. Nami nilisema ndiyo. Nakuandikia hili mwenyewe ili usilisikie kwa mtu mwingine. Nilisema ndiyo.

Hukusahau, natumai, kwamba kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Jana waliniletea sanduku lake. Dada yake, Bi Razan, akalifungua kwa ufunguo wake ili tuzitoe nguo za bwana harusi tuzifukize udi. Chini ya vikoi palikuwa na fungu la karatasi. Bi Razan alidhani ni mambo ya boti. Mimi niliijua hati kabla sijaligusa. Nikalitia ndani ya buibui, nikapanda darini kama ninayeanua nguo, nikazisoma zote tano. Kathmandu, Samarkand, mbili za hiyo nti ya baridi, na ya Malindi. Wino wa Malindi bado unang'aa.

Najua kwa nini hakuzichoma. Faiz anaweza kutoa ushahidi wa uongo siku ya arubaini ya mtu, lakini karatasi iliyoandikwa Bismillahi juu hawezi kuitia motoni. Anaogopa. Kila mmoja wetu ana mahali anapoanzia kuogopa, na yeye pake ni hapo. Angekuwa haogopi hata hilo, leo ningekuwa natiwa hina huku nikiimba.

Ati ulikuwa unabonyeza jina tu. Namba yangu ina tarakimu kumi, Harith. Umekariri majina ya milima. Tutayazungumza hayo, wala sitayazungumza kwa sauti ya chini.

Sasa nisikilize. Usipande boti ya Faiz. Sijui amekuandikia nini, ninazo barua zako tu, lakini naona kwenye ya Malindi kwamba unakubali kuja Kililana "kwa ajili ya Mama". Mama ana nini? Mama yako juzi amebeba gunia la nazi kutoka shamba, akanicheka mimi nilipopumzika ndiani. Hana ugonjwa wowote ila wewe. Nimejiuliza kwa nini mtu akuvushe kwa kificho siku moja kabla ya harusi yake. Nimejiuliza nikiwa natiwa hina mkono wa kushoto, na jibu nililolipata nimeomba liwe si lake. Watu wote hapa wameshakusalia. Hakuna atakayeuliza uko wapi. Hakuna atakayetoka kukutafuta.

Rudi Mokowe. Panda boti ya abiria mpaka Amu mjini, kisha boti ya Hamdu ya Mtangawanda, mchana, jua likiwa kichwani. Kaa katikati ya watu. Sema kwa sauti. Wakipiga makelele waache wapige, wakikumwagia maji wakusomee waache wasome. Ushuke gatini mbele ya kila mtu.

Sijamwambia mtu. Baba nampenda, lakini anasali bega kwa bega na Faiz, na siri haimkai hata baina ya adhana na ikama. Mama yako nikimwambia atalia kwa furaha na kabla ya magharibi Faiz atakuwa amejua. Nikizionyesha barua, yeye atasema umeziandika kabla hujafa na mtu amezitia tarehe, na wataamini, kwa kuwa wameshakula pilau yako. Wewe ukisimama hapo hakuna la kubishana.

Barua hii nampa Hamdu mkononi. Kesho alfajiri anashuka Mokowe, atampa dereva wa pikipiki akuletee shambani. Bahasha nimeigandisha kwa wanga.

Kama mimi bado ni mkeo, sijui. Kadhi atasema. Na kama nitakutaka, hilo nitasema mimi. Wewe ndoo uwe hai kwanza.

Nasreen binti Twahir

*

Kililana
Alhamisi, 7 Machi 2024, saa tano asubuhi

Bi Nasreen,

Hamdu ni mtu mwaminifu. Tulikutana Mokowe leo asubuhi nikitia petroli, akanipa barua yako kama anavyonipa barua zote za Chundwa tangu nishike ule ufunguo wa posta. Aliniambia, "Hii inakwenda Kililana, na wewe si unaelekea huko?" Nikamwambia naam, naelekea huko. Akafurahi kumpunguzia dereva kazi. Kwa hiyo ulitaka kumpelekea Harith barua bila ya mimi, na barua ikanipitia mimi. Sikuitafuta. Naomba ukumbuke hilo.

Wanga wako ni mzuri. Ilinibidi niuloweshe kwa chai.

Habari ya udi niliisahau kabisa. Mwanamume akifunga sanduku lake hawazi kwamba wanawake watataka linukie. Na habari ya kuchoma ni kweli ulivyosema. Nilijaribu mara mbili, nikafika mpaka kwenye kiberiti. Hujakosea kunijua. Ungekuwa mke mwema kwangu, wa kuogopesha kidogo.

Harith yuko hapa. Amekonda, amefuga ndevu za kuchekesha, ana mkanda wa kamba aliopewa na mtu wa Jojia na anadhani ni kitu cha thamani. Nimemletea samaki wa kukaanga na mkate wa mofa. Anakula kwa mkono wa kushoto na kila tonge anaomba radhi, kwa sababu wa kulia haufiki kinywani bila kuusindikiza. Bega lile limekwisha. Nilidhani anatia chumvi kwenye barua, kumbe alipunguza. Ameniuliza mara tatu ulivyocheka nilipokwambia yu hai, nami nimemwigizia mara tatu. Ya tatu ilikuwa nzuri zaidi. Akajifuta macho.

Barua yako sikumpa.

Utaniuliza nimepanga nini. Sijapanga. Watu hudhani mambo kama haya hupangwa. Mimi maisha yangu yote natazama watu wanaelekea wapi, kisha nakwenda nao. Walipolia nililia. Walipopanga safu nilisimama safuni. Baba yako aliponiuliza, niliuona uso wake unavyotaka jibu, nikampa. Hata posa yako ni mama yake Harith aliyeanza kuitaja, mimi niliinamisha kichwa. Lakini leo hapa hakuna watu, Bi Nasreen. Nimewapa ruhusa wafanyakazi. Kuna mikoko, na boti, na yeye, na ghuba nzima, na mimi sijawahi kujua nilivyo mahali pasipo na watu. Tangu alfajiri najitazama kama ninavyomtazama mgeni gatini, nikijiuliza huyu anakwenda wapi.

Nitakwambia ninalolijua. Ungemwambia baba yako, au Bi Hindu, au hata dada yangu Razan na mdomo wake, leo gati lingejaa. Ningeyaona mabuibui tangu mbali. Ningemshusha Harith mbele yao kwa mikono yangu miwili nikilia, na ningelia kweli, kwa sababu hivyo ndivyo wangetaka kuniona. Wangenipiga, labda. Ningepona. Lakini wewe umeandika, kwa hati yako ya ualimu inayosomeka vizuri hata kwenye karatasi iliyolowa chai: "Sijamwambia mtu." Mstari huo nimeurudia mara nyingi kuliko mingine yote.

Sikukasirikii. Ulichagua kama ninavyochagua mimi, ukaogopa makelele.

Dereva aliyemleta anataka kurudi Mokowe. Nampa hii ampe Hamdu, na Hamdu atakupa wewe. Boti yake hufika Mtangawanda baada ya alasiri. Usimkasirikie naye. Kesho Mwalimu atakuuliza kama umeridhia, mbele ya mashahidi, na jibu lako ni lako.

Maji yameanza kutoka na mchanga unataka kuchomoza, hatuwezi kukaa tena. Harith ameshaingia botini. Amekaa mbele, amenipa mgongo, anakitazama kisiwa chetu cha Pate. Ananiambia niache kuandika, ati huku kuandika ndiko kulikomchelewesha yeye mwaka mzima. Ananiita.

Barua hii itakapokufikia sisi tutakuwa tumeshafika. Au mimi nitakuwa nimeshafika.

Faiz